Mashini moja ya baridi na moto: tuhesabu kwanza, tununue nyuma



Katika mikutano mingi ya mwaka huu tumesikia ombi moja likirudi: jengo la koperative linaomba mashini. Pahali pamoja ni depo ya viazi, pengine ni nyumba ya maziwa, pengine ni ofisi na duka la mbolea chini ya manjanja mamoja. Na muuzaji anakuja na jibu lake tayari: mashini moja tu, inatoa baridi na inatoa moto, kazi mbili kwa bei ya moja. Maneno haya ni matamu. Lakini makuta ni ya wanachama, na deni likibaki, halibaki kwa muuzaji, linabaki kwenu.

Sisi maagronome tunaosindikiza koperative tuko na mawazo yetu juu ya jambo hili, na tunayasema wazi hapa. Mashini ya namna hii ni nzuri sana kwa kazi chache, na ni hasara kwa kazi nyingi ambazo wanaiuzishia. Koperative inayofanya maziwa inaweza kupata faida kubwa. Koperative ya viazi, ya kahawa ao ya maharagi, mara nyingi haiihitaji hata kidogo. Tuangalie sababu moja moja.

Mashini inafanya nini kweli

Weka mkono nyuma ya frigo inayotembea. Utasikia moto. Ule moto frigo haikuutengeneza yote yenyewe: imeutoa ndani, kwa nyama na kwa maziwa, ikautupa inje. Njo kazi ya mashini zote za namna hii. Zinahamisha moto kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine. Upande unaotolewa moto unakuwa baridi, upande unaopokea unakuwa moto.

Ndiyo maana umeme wake unafanya kazi nyingi kuliko umeme wa rezistansi ya kuchemshia maji. Rezistansi ikikula kilowati-saa moja, inatoa moto wa kilowati-saa moja, basi. Mashini ya kuhamisha, ikiwa nzima na imewekwa vizuri, ikikula kilowati-saa moja inaweza kuhamisha mbili na nusu mpaka tatu, pengine zaidi. Muuzaji akisema hivyo, hadanganyi.

Lakini kuna jamaa mbili za mashini hizi, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya ofisi na ya hoteli: klimatizeri inayogeuka. Ukitaka baridi inatoa baridi, ukitaka moto inatoa moto, lakini si vyote viwili saa moja ndani ya chumba kimoja. Ya pili ni tanki ya kupozesha maziwa yenye kuokota moto wake: inapoza maziwa, na ule moto uliotoka ndani ya maziwa hautupwi, unapasha maji ya kuoshea. Hii inafanya kazi mbili kwa saa ileile, na umeme ni uleule. Tofauti kati ya jamaa hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Klimatizeri ya ofisi si chumba cha baridi

Hapa njo penye koperative zinapoteza makuta. Klimatizeri ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya watu. Ukishusha kitufe chake mpaka mwisho, inasimama karibu digri 16. Haiwezi kushuka mpaka digri 4 ambazo maziwa yanaomba. Ukiilazimisha kwa kudanganya kitufe, itaganda barafu ndani na itakufa mapema. Mtu akikuuzia klimatizeri akisema itahifadhi maziwa ao nyama, mwambie aandike ile digri kwenye faktire na atie sinyatire yake. Wengi watanyamaza.

Namba ya BTU nayo inadanganya wasioizoea. Klimatizeri ya BTU 12.000 iko na nguvu ya kuhamisha moto wa kilowati 3,5 hivi ikiwa katika hali nzuri. Namba kubwa haimaanishi baridi kali zaidi. Inamaanisha chumba kikubwa zaidi, na umeme mwingi zaidi. Kubwa kupita kipimo nayo ni mbaya: inawaka na kuzima kila mara, na kila kuwaka kunachosha moteri.

Mazao yetu yanaomba nini

Tuanze na kahawa. Kahawa ya parche inaomba ukavu, unyevu wa asilimia 10 mpaka 12, hewa inayopita, mifuko juu ya mbao isiguse sima wala ukuta. Kahawa iliyoingia depo ikiwa mbichi, hakuna mashini ya ofisi itaiokoa. Makuta yale yakienda kwa meza za kuanikia, kwa bâche na kwa kipimo cha unyevu, kahawa itapata pointi kwa mnunuzi. Maharagi na mahindi ni hivyohivyo: kavu mpaka asilimia 13 ao chini, ndani ya mifuko inayofunga hewa, na wadudu watakufa bila umeme.

Viazi vya mbegu vinaomba kitu kingine. Vikiwekwa juu ya etajeri, safu mbili ao tatu tu, ndani ya depo yenye mwanga mwepesi unaopita kwa pembeni bila jua kuvipiga, vinatoa machipukizi mafupi, manene, ya kijani, na vinaweza kungojea miezi kadhaa mpaka msimu. Depo hiyo inajengwa kwa miti, mbao na wavu. Viazi vya kula ni kinyume: giza, maana viazi vilivyogeuka kijani viko na sumu. Lakini hata hivyo, kule Lubero na Masisi, juu ya milima, usiku hewa inapoa sana. Ukifungua matundu ya chini na ya juu usiku, na kuyafunga asubuhi, ile baridi ya usiku ni ya bure na haingojei fundi kutoka Goma.

Vifaranga nao: juma la kwanza vinataka digri 32 mpaka 34 karibu na sakafu, kisha tunashusha kidogo kidogo kila juma. Imbabula iliyofunikwa vizuri, yenye bomba la kutoa moshi inje, na duara la karatoni, vinatosha kwa vifaranga mia chache. Kupasha nyumba nzima kwa klimatizeri ni kupasha manjanja.

Wanabaki wenye maziwa. Kwao mambo yanageuka.

Maziwa: hapa mashini inaweza kustahili bei yake

Maziwa yanatoka kwa ng'ombe na digri 35 na zaidi. Kama hayapozwi ndani ya saa mbili ao tatu mpaka digri 4, vijidudu vinaongezeka, na maziwa ya mangaribi yatakataliwa asubuhi. Kila mfugaji anajua uchungu wa kumwaga bidoni nzima barabarani baada ya kutembea nayo saa mbili.

Tufanye hesabu pamoja, kwa litri 500. Kuzitoa digri 35 mpaka digri 4 kunaomba kutoa moto wa kilowati-saa 17 hivi. Tanki nzuri itakula umeme wa kilowati-saa 6 ao 7 kwa kazi hiyo. Ukitaka imalizike kwa saa tatu, unahitaji mashini yenye nguvu ya baridi karibu kilowati 6, na umeme wa kilowati 2 na kidogo bila kukatika. Kama unatumia grupu ya mazutu, hesabu karibu litri 3 za mazutu kila siku. Zidisha kwa bei ya mazutu ya kwenu, gawanya kwa litri 500, na utajua baridi inakula franga ngapi juu ya kila litri moja. Kama hiyo namba inapita faida yenu kwa litri, simamisha mazungumzo hapo.

Sasa upande wa moto. Ule moto wa kilowati-saa 17, pamoja na ule wa moteri yenyewe, unapita 20. Tukiokota nusu tu, tunapata maji karibu litri 300 yaliyotoka digri 18 mpaka digri 50. Ni maji ya kuosha tanki, bidoni, meza na nguo za kazi. Kupasha maji yale juu ya mafiga matatu kungekula kilo 20 hivi za kuni kila siku. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 7. Tujiulize: ni nani anabeba tani 7 za kuni? Mara nyingi ni mama na mabinti wa wanachama, na mara nyingi kuni zenyewe ni za pori ambalo hatukupanda. Faida hii haiandikwi kwenye faktire ya muuzaji, lakini ni faida ya kweli.

Tusipite kiasi hata hivyo. Maji ya digri 50 hayatoshi kwa kuua vijidudu ndani ya maziwa. Kazi hiyo inaomba digri 63 kwa dakika 30, ao digri 72 kwa sekunde 15. Mashini itakuanzishia njia, lakini jiko zuri ao rezistansi ndivyo vitamaliza. Mtu akikuambia kwamba kuni zitakwisha kabisa, ongeza swali.

Na kuna koperative za maziwa ambazo hata hivyo tanki haziihitaji. Kama munatengeneza fromage papo hapo, na maziwa yote yanaingia asubuhi na yanagandishwa asubuhi ileile, basi kupoza mpaka digri 4 halafu kupasha tena mpaka digri 32 ni kuchezea umeme mara mbili. Fromagerie ya namna hiyo inaomba moto mzuri na chumba cha kukomazia chenye ubaridi wa kadiri, digri 10 mpaka 14. Nyumba ya mawe iliyochimbwa nusu ndani ya mlima inakaribia kipimo hicho bila moteri. Tanki inastahili pale ambapo kuna maziwa ya mangaribi ya kulaza, ao maziwa mabichi ya kupeleka mjini.

Jengo kwanza, mashini nyuma

Manjanja matupu yakipigwa na jua la saa sita yanaweza kufika digri 60. Mashini iliyowekwa chini ya manjanja yale inapigana na jua, haipigani na joto la mazao. Weka plafo ya mbao ao ya mianzi, acha nafasi ya hewa kati yake na manjanja, paka manjanja rangi nyeupe, ongeza baraza upande wa mangaribi, panda miti. Kazi hizi zinafanywa na maseremala wa kwetu, na makuta yake yanabaki kijijini. Baada ya kuzifanya, pima tena joto mchana kwa termometa ya dola chache, kwa majuma mawili. Koperative nyingi zitaona kwamba mashini ndogo kuliko ile ya kwanza inatosha, ao kwamba hakuna haja ya mashini.

Pahali pa kuweka sehemu ya inje nako kuna maana. Inaomba kivuli na hewa inayopita. Ukiifungia ndani ya kichumba kwa kuogopa wezi, itapumua hewa yake yenyewe yenye moto na umeme utapanda. Iwekee vyuma vya kuzuia wezi, lakini hewa ipite. Tukumbuke pia mwinuko wetu. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1.500, na wengi wenu munaishi juu zaidi. Kule hewa ni nyepesi: sehemu ya inje inapozwa vibaya kidogo, na grupu ya mazutu inapoteza sehemu ya nguvu zake. Namba zilizoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji kwa kawaida ni za kando ya bahari. Muulizeni namba ya metre 1.500 ao 2.000.

Umeme na gesi

Kuna pahali umeme umekuja karibu, kama kule ambako barrage ya Matebe inatuma, ao Bukavu na Ruzizi. Kuna pahali bado. Hata penye umeme uko, swali ni kama unafika na nguvu yake yote. Umeme ukishuka sana, moteri ya baridi inavuta, inapata moto, inaungua. Ukikatika na kurudi palepale, ni mbaya zaidi. Kwa hiyo bei ya mashini si bei ya mashini peke yake: ongeza kifaa cha kusawazisha umeme, na kile kinachongojesha dakika 3 mpaka 5 kabla ya kuwasha tena. Muuzaji asiyevitaja hajafikiria kijiji chenu.

Kisha gesi iliyo ndani. Angalia kibati kilichobandikwa kwenye mashini. Ukisoma R-22, kataa, hata ikiwa ya bure. Gesi hiyo inaharibu tabaka ya ozoni, na mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 yanaiondoa: kwa inchi kama yetu karibu yote inakwisha mwaka 2030. Baada ya hapo kuijaza itakuwa shida na ghali. R-410A haiharibu ozoni, lakini inapasha dunia mara elfu mbili na zaidi kuliko moshi wa kaboni kwa uzito uleule, na mapatano ya Kigali ya mwaka 2016 yanapunguza gesi za jamaa hiyo. R-32 ni afadhali, karibu theluthi moja ya hiyo. R-290 ni propane, haina ubaya mkubwa kwa dunia, lakini inawaka moto: inaomba fundi aliyefundishwa na chumba chenye hewa. Swali kubwa kwetu ni hili: fundi wa karibu anayejua kujaza gesi hiyo anaishi wapi, na atafika kwa siku ngapi wakati wa mvua, barabara ikiwa matope?

«Lakini mradi unatupatia bure»

Tunajua jibu hili, na gazeti hili lenyewe ni la shirika la misaada, basi tuseme ukweli kati yetu. Mashini ya bure inakula makuta kila siku tangu siku ya pili. Inakula umeme, inakula fundi, inakula piesi. Koperative iliyopewa tanki ya litri 2.000 wakati inakusanya litri 300 wakati wa kiangazi, imepewa mzigo. Muko na haki ya kumwambia mfadhili: «Tunashukuru, lakini tunaomba ya litri 500, na tofauti ya bei itiwe kwa plafo na kwa kumfundisha kijana wetu mmoja.» Mfadhili mwenye akili atasikia. Tena sisi maagronome ni kazi yetu kusimama pamoja nanyi siku hiyo, badala ya kutia sinyatire kwa sababu budgeti inapaswa kukwisha kabla ya desemba.

Wengine watasema tunazuia maendeleo. Hapana. Mashini inayozimwa baada ya mwaka moja na kugeuka etajeri ya kuwekea mifuko ndiyo inayozuia maendeleo, maana baada yake hakuna mwanachama atakubali tena kutoa mchango. Imani ya wanachama ikivunjika, hakuna piesi yake kwa duka.

Maswali ya kupeleka kwenye mkutano mkuu

Kabla ya kupiga kura, komite isome majibu ya maswali haya mbele ya wote, kwa luga ambayo kila mtu anasikia:

1. Ni mazao gani tunataka kulinda, na yanaomba digri ngapi? Kama hakuna namba, hakuna mashini.
2. Je, tunahitaji baridi na moto kwa siku ileile na kwa kazi ileile? Kama ni kimoja tu, tununue kinachofanya kimoja.
3. Tunakusanya kiasi gani wakati wa mvua, na kiasi gani wakati wa kiangazi? Tupime kwa miezi yote, si kwa mwezi mzuri.
4. Plafo, kivuli na matundu ya hewa vimekwisha kufanywa?
5. Umeme ao mazutu ya siku moja ni franga ngapi, na inaangukia franga ngapi kwa litri ao kwa kilo?
6. Gesi ni gani, fundi ni nani, garanti ni ya miaka mingapi, na imeandikwa?
7. Kila mwezi tunaweka dola ngapi kando kwa matengenezo, na nani anashika kitabu chake?

La saba njo linalosahaulika. Tunashauri franga kidogo zikatwe kwa kila litri tangu siku ya kwanza, ziandikwe kwenye kitabu kilicho mbali na kitabu cha mauzo, na zisiguswe kwa ajili ya sherehe wala safari ya prezida. Siku moteri itakapoungua, na siku moja itaungua, tofauti kati ya koperative inayotengeneza kwa juma moja na ile inayofunga mlango itakuwa kitabu kile.

Mkijibu maswali saba na bado mashini inaonekana nzuri, nunueni bila woga, na mutuite tusaidie kuchagua pahali pa kuiweka. Majibu yakiwa mabaya, muuzaji atarudi msimu mwingine. Wauzaji hurudi kila msimu. Makuta ya wanachama yakishaenda, hayarudi.